Anza na mama: jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi na fumbo kuhusu dada matajiri

Miswada ya aina hii ninayopewa niisome kabla haijaenda kwa mchapishaji hufanana sana kwenye ukurasa wa kwanza. Usiku, mvua, jumba kubwa, maiti ya tajiri sebuleni. Mabinti watatu wanalia, mmoja wao hatoi chozi. Mimi hufunga mswada hapo na kumuuliza mwandishi: mama yao alifanya nini miaka thelathini iliyopita? Asipokuwa na jibu, hana riwaya bado. Ana jumba na mvua.

Ushauri wangu wote umesimama hapo. Katika hadithi ya dada matajiri na mama yao, kiini cha fumbo ni uamuzi mmoja wa mama, uliofanywa zamani, ambao mabinti wameishi juu yake bila kujua; na mapenzi ya sasa ndiyo yanayokuja kuufukua. Ukishaupata uamuzi huo, washukiwa, sababu na hata wachumba utawachota humo humo. Usipoupata, utakuwa kila sura unaongeza maiti.

Kabla ya kuandika riwaya nilikuwa karani wa wakili, nikipiga chapa wasia na kumbukumbu za vikao vya wanahisa. Kwa hiyo nitasema sana habari za hisa na mashahidi. Nivumilie, maana pesa za matajiri hukaa huko.

Siri ya mama iwe na tarehe

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho. Wahusika nitawaita kwa nafasi zao tu, nawe fanya hivyo kwenye rasimu ya kwanza; majina mazuri humfanya mwandishi aamini kwamba tayari anawajua watu wake.

Mama ni mjane. Mumewe, mwenye kampuni ya meli, alifariki Machi 1974. Aliacha mabinti wawili, kifungua mimba na wa kati, na mke ambaye, kwa maelezo ya familia, alikuwa mjamzito. Mama akaenda kuomboleza ng'ambo, akarudi na kitinda mimba aliyezaliwa Novemba mwaka huo huo. Hayo ndiyo yanayosimuliwa kila siku ya kuzaliwa, keki ikiwa mezani. Ukweli ni kwamba mtoto alizaliwa Februari 1975. Kutoka Machi hadi Februari ni miezi kumi na mmoja. Marehemu si baba yake.

Kuna ofisa mmoja huko ng'ambo aliyeandika cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya uongo, na tangu 1977 amekuwa akidai alipwe ili anyamaze. Mama ana meli lakini hana fedha taslimu zisizoulizwa maswali. Basi anang'oa almasi kwenye kidani alichopewa na mumewe, anaziuza moja moja, na mahali pake anaweka mawe ya bandia. Mwaka 2003 kampuni ya bima inamtuma mtathmini kijana akague vito vya familia. Swali linalofungua riwaya ni dogo na safi: nani alibadilisha mawe ya kidani?

Angalia kazi inayofanywa na tarehe hizo. Mawe ya bandia ni zirkonia, na zirkonia za kutengenezwa zilianza kuuzwa kama vito mwaka 1976. Mama, akiulizwa mbele ya mabinti, anajibu kwa utulivu kwamba marehemu ndiye aliyeyabadilisha mwaka 1972 alipobanwa na madeni. Kila mtu anamwamini, kwa kuwa kumsingizia maiti ni rahisi na huhurumiwa. Mtathmini peke yake anajua kwamba mtu aliyekufa 1974 hawezi kununua kitu kilichoingia sokoni 1976. Weka jibu la mama kwenye sura ya nne. Mwaka 1976 uutaje kwenye sura ya tisa, katika mazungumzo ya kazi yanayoonekana kuwa porojo za mtu anayependa kujionyesha mbele ya msichana. Usiviunganishe. Msomaji makini ataviunganisha mwenyewe akiwa anaosha vyombo, na hutaweza kumpa raha kubwa zaidi ya hiyo.

Weka pia kidokezo cha picha. Kuna picha ya kitinda mimba iliyoandikwa nyuma kwamba ana miezi sita. Mtoto wa miezi sita hukaa akiegemezwa kidogo na kichwa chake hukishika mwenyewe. Huyu wa pichani amelazwa mkononi, na kiganja cha mama kiko kisogoni. Mwanamke yeyote aliyelea ataona. Ielezee picha hiyo kwa mapenzi, mkono wa mama, pete, kitambaa, halafu songa mbele.

Hisa ndizo zinazoamua nani anapendwa

Waandishi wengi wakisema familia ni tajiri huhesabu vyumba. Hesabu kura.

Wasia wa marehemu ulimpa mke asilimia 40 ya hisa, na 60 zilizobaki zigawanywe sawa kwa watoto wake. Kila binti akapata 20. Sasa kaa na kalamu. Mama akiungana na binti mmoja, yeyote yule, wana 60 na wanaamua. Mabinti wawili wakiungana wana 40, wako sare na mama, na wa tatu ndiye hakimu. Ili mabinti wamshinde mama, lazima wote watatu wasimame pamoja. Kwa maneno mengine, mama anahitaji kupendwa na mmoja tu, na mabinti wanahitaji kupendana wote. Hapo umepata maisha yao yote ya utotoni na ukubwani: nani alipelekwa shule gani, nani alipigiwa simu usiku, nani alisamehewa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mama huyu hajashika jembe maishani mwake, ila hesabu hiyo anaijua vizuri: faida yake iko kwenye ugomvi wa wanawe.

Tena kwa makampuni ya Uingereza, ambako nimeiweka hadithi hii, uamuzi wa kawaida unahitaji zaidi ya nusu ya kura, lakini kubadilisha katiba ya kampuni kunahitaji asilimia 75. Mama na binti mmoja hawafiki. Mama na wawili wana 80, wanafika. Kwa hiyo mwaka anaotaka kubadilisha katiba, mama ghafla anaanza kumpenda binti wa pili. Mwandike akimpelekea maua.

Sasa ingiza siri. Ikithibitika kwamba kitinda mimba si mtoto wa marehemu, zile 20 zake zinagawanywa kwa dada zake, na kila mmoja anakuwa na 30. Wawili peke yao wana 60. Kitinda mimba, aliyekuwa upande wa mama siku zote, hana kura tena, na mama anabaki na 40 mbele ya mabinti wawili aliowabagua. Akimpata mmoja ana 70: anaendesha kampuni, ila katiba haigusi.

Ona tulipofika bila kummwaga mtu damu. Dada wakubwa wana sababu ya kumfichua mdogo wao, na wanampenda. Mama ana sababu mbili za kuficha, mapenzi ya mtoto na uroho wa madaraka, na msomaji hawezi kuzitenganisha. Wewe pia usizitenganishe. Mwandishi akiniambia anajua mama alifanya kwa sababu ipi kati ya hizo mbili, najua sura za mama zitakuwa bapa.

Mapenzi yawe ushahidi

Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani S. S. Van Dine alichapisha sheria ishirini za hadithi za upelelezi, na mojawapo ilipiga marufuku mapenzi, kwamba kazi ni kumfikisha mhalifu mahakamani na si kuwafikisha wapenzi madhabahuni. Watu huicheka sheria hiyo, lakini ilikuwa na sababu: katika hadithi nyingi mapenzi husimamisha uchunguzi. Wapenzi wanatazama bahari kwa kurasa tano, vidokezo vinasubiri kwenye gari. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa Uingereza, alionyesha njia nyingine mwaka 1930 alipompa mpelelezi wake mwanamke wa kumpenda, akamweka mwanamke huyo kizimbani kwa kesi ya mauaji. Mapenzi na fumbo vikawa kitu kimoja. Huwezi kusogeza kimoja bila kingine.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Chukua kila tukio la mapenzi kwenye rasimu yako ulitoe. Kama uchunguzi unaendelea vilevile, tukio hilo ni pambo.

Nitakuonyesha tukio ninalolipenda kuliko yote katika mfano wetu. Ni jioni ya sherehe. Kitinda mimba anatoa kidani kwenye sefu, anamwomba mtathmini amfungie shingoni. Kijana anakishika, anainama, na kwa sekunde moja pumzi yake inatua kwenye jiwe kubwa la katikati. Ukungu mdogo. Binti anauona kwenye kioo, anahisi joto la pumzi karibu na bega lake, na sura nzima inageukia hapo: wamekaribiana namna hii kwa mara ya kwanza. Ukungu unachelewa kutoka. Kijana anaonekana kusita, na binti anadhani amesitishwa na uzuri wake.

Almasi hupitisha joto upesi sana, ndiyo maana ukungu wa pumzi hutoweka juu yake karibu papo hapo. Kwenye zirkonia hukawia. Kijana amepima mawe mbele ya macho ya mwenye kidani, naye ameipokea kama kubembelezwa. Na labda ilikuwa vyote viwili, jambo ambalo atamuuliza kwenye sura ya ishirini na sita kwa hasira kubwa. Zingatia kitu kidogo: kidani lazima kitoke kwenye sefu kikiwa baridi. Jiwe lililokwisha kupata joto la ngozi halishiki ukungu sawasawa, na msomaji mmoja anayejua vito atakuandikia barua. Kwa wasiwasi zaidi, mpe mtathmini mizani baadaye: zirkonia ni nzito kuliko almasi ya ukubwa uleule kwa zaidi ya mara moja na nusu. Binti wa kati, aliyekivaa akiwa mwali, aseme tu kwamba zamani kidani hakikuwa kikimchosha shingo.

Mpenzi naye awe na cha kuficha, na kisiwe mke wa siri, hiyo imechoka. Wetu amegundua jambo la pili kwenye kifungo cha kidani, alama ndogo ya fundi. Ni mkono wa sonara mzee aliyemfundisha kazi. Akiandika ripoti ya bima kwa ukweli anamwangusha mwalimu wake. Asipoandika anapoteza kazi na huenda akafungwa. Ripoti inatakiwa ndani ya siku thelathini. Hapo taharuki inajiendesha yenyewe, na kila siku anayokaa nyumbani kwa akina dada kwa kisingizio cha ukaguzi ni siku ya mapenzi na ni siku ya kosa.

Na sonara yule ni nani kwa mama? Sasa tumerudi kwenye uamuzi wake. Mwaka 1974, miezi miwili baada ya mazishi, mjane wa miaka thelathini na mbili alipeleka pete ya marehemu irekebishwe, na mtu aliyeirekebisha alikuwa mpole. Kitinda mimba ni wake. Mapenzi ya kwanza ya riwaya ni haya, ya mama. Yape nafasi kubwa kuliko ulivyokusudia. Mwandishi chipukizi huwapa mapenzi wasichana na kumwachia mama ukali. Halafu anashangaa kwa nini siri, ikifichuka, haimuumizi mtu. Msomaji aone barua moja, mkono mmoja juu ya meza ya kazi, kitu ambacho mama alikiacha kwa sababu ya zile asilimia.

Hapa nikutahadharishe kuhusu jambo ambalo ningependa lisiwe la kawaida: hesabu damu kabla hujawaoza. Mtathmini ni mwanafunzi wa sonara, si mwanawe. Nimesoma mswada ambao binti aliolewa kwa shangwe na kaka yake wa upande wa baba, na mwandishi hakuwa amegundua.

Chagua nchi kwa ajili ya sheria yake

Mwandishi husema hadithi yangu iko popote. Wasia hauko popote. Kitisho cha "nitakunyima urithi" kina nguvu Uingereza, ambako mtu ana uhuru mkubwa wa kugawa mali yake. Ufaransa mama mwenye watoto watatu ana uhuru juu ya robo tu ya mali. Robo tatu ni haki ya watoto, apende asipende. Ukiiweka familia yako huko, mama anayetishia ni mwongo au hajui sheria, na vyote viwili vinaweza kuwa hadithi nzuri. Kwa mirathi ya Kiislamu ya madhehebu ya Sunni, mama akifa akaacha mabinti watatu bila mtoto wa kiume, mabinti hugawana theluthi mbili, na kinachobaki huenda kwa ndugu wengine, kwa mfano kaka yake. Mjomba ambaye hukuwa na kazi naye anakuwa mshukiwa.

Karibu kila mahali muuaji harithi anayemuua. Kesi ya Riggs dhidi ya Palmer, New York, 1889, ilimhusu kijana aliyemwekea babu yake sumu kabla babu hajabadilisha wasia. Mahakama ilimnyima mali ingawa wasia wenyewe ulikuwa halali. Kwa hiyo binti anayeua ili arithi lazima afiche kuua, au, vizuri zaidi, amfanye dada yake aonekane muuaji ili fungu la dada lirudi kwake.

Lakini kifungu ninachokipenda zaidi, nilikijua tangu ukarani, ni cha Sheria ya Wasia ya Uingereza ya 1837. Wasia unahitaji mashahidi wawili wanaokuwapo pamoja. Shahidi akiwa amepewa kitu katika wasia, au mume au mke wa shahidi akiwa amepewa, wasia unabaki halali ila zawadi hiyo inafutika. Kinachoangaliwa ni siku ya kutia sahihi. Wakioana baadaye hakuna shida.

Ona sasa. Mama, akijua siri inakaribia kutoka, anaandika wasia mpya: hisa zake zote 40 ziende kwa kitinda mimba. Anataka umalizike usiku huo. Nyumbani wapo mtumishi wa miaka mingi na yule mtathmini, basi watie sahihi. Asichojua mama ni kwamba kijana na bintiye walifunga ndoa ya serikali siku tatu kabla, kimya kimya. Kijana anashika kalamu. Akisema ukweli, ndoa inafichuka mbele ya mwanamke ambaye angeizuia. Akinyamaza, kwa sahihi yake mwenyewe anamfutia mkewe utajiri, na hajui, kwa kuwa watu wa vito hawasomi Sheria ya Wasia. Anayejua ni karani mzee wa wakili, ambaye anapokea karatasi kesho yake na kusoma majina. (Ndiyo, nilimpa nafasi karani. Nani angenizuia?)

Hakuna bunduki katika tukio hilo, na mkono wangu ulitetemeka nilipoliandika. Sheria ikikupa kitu cha namna hii, kisome chote, pamoja na mwaka wa hadithi yako, maana sheria za wasia hubadilishwa. Na usimpe wakili hotuba ya kueleza. Mstari mmoja unatosha: "Shahidi wa pili ameoa?"

Vipimo vya damu na asili vije mwishoni, kuthibitisha tu. Baba ana kromosomu moja ya X na humpa kila binti hiyo hiyo, kwa hiyo dada wa baba mmoja wanaweza kulinganishwa hata baba akiwa kaburini kwa miaka thelathini. Wakubwa wawili watafanana hapo, kitinda mimba hatafanana. Hadithi yako ikiwa kabla ya 1984, mwaka mwanasayansi wa Uingereza Alec Jeffreys alipogundua alama za vinasaba, rudi kwenye makundi ya damu: wazazi wote wawili wakiwa O, kwa kawaida mtoto hawi A. Bahasha ya maabara isiwe kilele. Msomaji awe ameshajua, na mama awe ameshasema, kabla haijafunguliwa.

Utajiri

Nitapita haraka. Usielezee taa za kioo na ngazi za marumaru. Msomaji anazo kichwani tayari. Elezea wasichokifanya: hawaulizi bei, hawabebi funguo, hawajui chumvi inakaa wapi jikoni kwao. Mtumishi ndiye anayejua nyumba, kwa hiyo ndiye anayejua nani alilala wapi. Mpe ndugu, maumivu ya goti na maoni. Ikiwa kazi yake ni kuleta chai na kusikia mlangoni, mfute.

Nani asimulie, na dada wanaongeaje

Kaa nje ya kichwa cha mama. Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, katika amri zake kumi za hadithi za upelelezi za 1929, alisema mhalifu atajwe mapema lakini asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kufuata mawazo yake. Ukiingia akilini mwa mama na ukaificha siri, umedanganya. Ukiitoa, umemaliza kitabu. Sura zigawane mabinti watatu, kwa nafsi ya tatu, na kila mmoja amwone mama tofauti mpaka msomaji ajiulize kama wanamzungumzia mtu mmoja.

Mimi humpa binti wa kati sura nyingi. Kifungua mimba ana mamlaka, kitinda mimba ana mapenzi, wa kati ana nafasi ya kuangalia. Yeye ndiye anayegundua uhusiano wa mdogo wake na mtathmini, na si kwa kuwafumania. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila hujitokeza pasipotarajiwa: kitinda mimba, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama mtathmini amekuja, siku moja anaacha kuuliza.

Dada hawaelezani wanachokijua wote. Hii niifute leo:

"Dada, kama unavyojua, baba yetu alifariki 1974 akatuachia kampuni."

Hii niiache:

"Mama amekupigia?"

"Mimi? Tangu lini?"

"Basi amempigia mdogo wetu."

"Ahaa. Ndiyo maana umekuja na viatu vya kikao."

Mistari minne, na tumejua nani anapendwa, nani ana wivu, na kwamba kuna kura inakuja. Mdogo amwite mkubwa dada hata anapomtukana. Heshima ikibaki kwenye jina, tusi huingia ndani zaidi. Mama naye awaite kwa majina yao kamili akiwa na hasira, na "mwanangu" anapotaka sahihi.

Wanapogombana, wagombanie kitu cha zamani kisicho na thamani. Watu wanaogawana meli hutukanana kwa sababu ya doli lililovunjika walipokuwa watoto. Hisa zitajwe mara moja, mwishoni, kwa sauti ya chini.

Kupanga na kupanga upya

Rasimu ya kwanza ikifika kama maneno 80,000, acha kuandika uchore jedwali. Safu ya kwanza ni sura, ya pili ni tarehe ndani ya hadithi. Kisha safu moja kwa kila mhusika mkuu: katika sura hii anajua nini, na anaamini nini kisicho kweli. Safu ya mwisho ni ya msomaji. Jedwali hili linachosha kulijaza na hakuna kazi nyingine itakayokuokoa zaidi. Utakuta kifungua mimba amekasirikia sura ya kumi na mbili jambo analoambiwa sura ya kumi na tano.

Kisha angalia mpangilio wa majibu. Swali la nani alibadilisha mawe lijibiwe kwenye theluthi mbili ya kitabu. Usiogope. Ukimwambia msomaji kwamba ni mama, unakuwa umempa swali zito zaidi, kwa nini, na hilo ndilo alilolipia. Tarehe ya kuzaliwa ifichuke baada ya ndoa ya siri na kabla ya wasia mpya, ili kila anayeshika kalamu usiku ule awe anajua nusu tu ya anachokitia sahihi.

Ofisa anayedai malipo asiwe jini. Mfanye mzee, mgonjwa, mwenye adabu, anayeandika barua kila Januari akiulizia hali ya mtoto. Kama lazima mtu afe, afe huyu, na kwa kifo cha kawaida, ili barua zake zifike mikononi mwa mtu mwingine. Nani? Mimi nimempa kifungua mimba. Amekaa nazo sura sita bila kusema, na msomaji, anayeona tu kwamba amekuwa mpole kwa mdogo wake ghafla, anamshuku kwa mabaya.

Sura ya makabiliano iandike mwisho kabisa, hata kama umeandika nyingine kwa kufuatana. Wote wanne chumba kimoja, bila wanaume. Mama asiombe msamaha kwanza. Abanwe kwa maswali? Hapana; anyamaze, na mabinti wajibizane wenyewe, mpaka kitinda mimba aulize swali ambalo wengine hawakulifikiria: nilizaliwa tarehe ngapi? Mama ajibu tarehe tu. Usiongeze maelezo ya macho yake.

Baada ya hapo kila mmoja apige kura yake. Kwa hesabu ya 30, 30 na 40, dada wakubwa wanaweza kumwondoa mama wakitaka, na wanaweza pia kukataa kwenda mahakamani na kuiacha 20 ya mdogo wao palepale. Amua kwa kuangalia jedwali, uone nani amempoteza nani zaidi. Na kama mama atakufa kabla wasia haujaandikwa upya na mashahidi wengine, kumbuka kwamba zawadi ya kitinda mimba imefutika, lakini kwa mama yeye ni mtoto halali kama wenzake. Kama wasia hausemi kingine, zile 40 zitagawanywa kwa watatu.

Mwishowe toa nakala kwa wasomaji wachache, na uwaambie wasimame ukurasa mmoja kabla ya jibu la kidani, waandike jina la wanayemshuku na mstari uliowafanya wamshuku. Wote wakiandika mama, vidokezo vyako vina kelele: shusha ule wa 1976 uingie katikati ya aya. Wakiandika mtathmini kwa sababu ya pumzi, usiguse kitu. Asipotokea hata mmoja wa kumtaja mama, rudi kwenye picha ya mtoto, uongeze neno moja kuhusu kile kiganja.